Sura ya Saba: Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Vielelezo vilipangwa juu ya meza ya Sajini Lusia kama bidhaa za mnadani: pakiti ya sumu ya panya, kibuyu cha maziwa, kijiti kilichoungua ncha, na mfuko wa nailoni wenye chembe nyeupe za mviringo.

"Hii ya nini?" Lusia akauliza, akiupima mfuko mkononi.

"Sumu, afande," Koplo Bonifasi akajibu. "Stoo kwa mtuhumiwa lilikuwemo gunia zima. Nimechota sampuli."

Lusia akafungua mfuko, akatazama, akaufunga.

"Bonifasi, baba. Kwenu Singida mnalima nini?"

"Alizeti."

"Mnatia mbolea?"

"Samadi."

"Ndiyo maana. Hii ni yurea. Mang'ola nzima vitunguu vinakula hii. Kama ni sumu, basi ulishakufa siku nyingi na hapa naongea na marehemu. Na kijiti?"

"Kilikuwa ndani ya kibuyu. Kina masizi."

"Wamasai wanaunguza kijiti cha mti wa oloirien wanasugulia kibuyu kwa ndani, maziwa yakae vizuri. Hicho ni kama sabuni. Umekamata sabuni, Bonifasi."

Koplo akatazama kofia yake. Ikabaki ile pakiti ya sumu ya panya, na hiyo haikuwa na utani. Ilikuwa imefunguliwa, na nusu yake haikuwemo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Lekoko, mfugaji aliyehamia kwenye vitunguu vya Mang'ola baada ya ukame kumwachia ng'ombe wachache, alikuwa na wake wawili. Mdogo, Sinyati, alikuwa amelazwa hospitalini mjini Karatu. Mimba yake ilikuwa imetoka, kama zilivyotoka tatu kabla yake, na safari hii damu nusura iondoke naye. Mkubwa, Nalotuesha, ndiye aliyekuwa akimpelekea mwenzake maziwa kila asubuhi kwa kibuyu kile. Na ni huyo huyo Nalotuesha aliyeonekana dukani akinunua sumu. Lekoko akaja kushtaki. Mkuu wa upelelezi akasoma maandishi ya nyuma ya pakiti, akakuta kwamba sumu ile humuua panya kwa kuizuia damu yake isigande, akaifunga pakiti na akili yake kwa pamoja. Keshokutwa Nalotuesha angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua mtoto tumboni kwa sumu, na mwenye kosa hilo harudi nyumbani akiwa na meno.

"Mlete," Lusia akasema.

Nalotuesha aliingia na mtoto wa kike mgongoni, mtoto wa kuanza kutembea. Kule mahabusu aliruhusiwa kuwa naye kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia.

"Takwenya," Lusia akamsalimu kwa Kimasai.

"Iko."

"Sumu ulinunua?"

"Nilinunua."

"Ya nini?"

"Ya panya." Nalotuesha akamtazama kwa huruma. "Wamemchora na picha yake pale juu."

"Nusu iko wapi?"

"Kwenye matumbo ya panya. Nendeni mkawapasue. Yule kijana wenu ana nafasi, alikamata mpaka mbolea."

Bonifasi akakohoa pale mlangoni.

"Sinyati anasema maziwa yako ndiyo yaliyomuua mtoto wake," Lusia akasema.

Mtoto mgongoni akaanza kulialia, "Yeyo, yeyo," akijinyonga atoke kwenye shuka.

"Mpe ziwa," Lusia akasema. "Anamwita mama yake."

"Haniiti mimi. Anamwita Sinyati."

"Kwani nani kamzaa?"

"Nimemzaa mimi. Nilipomwachisha ziwa nilimwambia Lekoko, huyu apelekwe kwa Sinyati, nyumba ile imekaa kimya mno. Tangu hapo analala kwake. Mimi ananiita kama anavyomwita jirani." Akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mapajani. "Kwetu mwanamke humpa mtoto mwenzake asiyejaliwa. Si jambo la kutangaza. Lakini wewe umeshaona mtu ampe mwenzake mtoto aliye hai, halafu arudi kumuulia aliye tumboni?"

"Mkuu ulimwambia haya?"

"Hakuniuliza. Aliniuliza duka gani."

Lusia akasogeza kiti. "Mimba yake ya kwanza ilitoka mkiwa wote Mang'ola?"

"Mimi nilikuwa Mang'ola. Yeye alikuwa bado Ngorongoro, kwa mama yake Lekoko. Ndiyo kwanza ameolewa, hata sura yake nilikuwa siijui."

"Basi una mkono mrefu," Lusia akasema, akanyanyuka. Mtoto alikuwa bado anaita.

* * *

Daktari Rahel alikuwa mwanamke wa Moshi, mfupi, mwenye kutembea kana kwamba hospitali inamkimbia. Lusia, aliyekuwa na mwili, alilazimika kumfuata ukumbini akihema.

"Sumu ya panya ikimwingia mtu, damu yake haigandi," daktari alisema bila kusimama. "Unaiweka kwenye kichupa inabaki maji. Sinyati alipoletwa niliiweka yake kichupani, kama tunavyomfanyia aliyeumwa na nyoka. Iliganda. Nikapima na vipimo vingine nilivyo navyo. Sawasawa vyote."

"Kwa hiyo si sumu."

"Si hiyo ya panya. Nilimwambia mkuu wako. Akasema basi ni sumu nyingine."

"Na wewe unasema nini?"

Hapo daktari akasimama. "Sijui. Yapo magonjwa ya damu yanayotembea na ukoo. Nilimuuliza Sinyati habari za ndugu zake, kama yuko aliyekufa kwa kutoka damu. Akasema kwao wako wawili tu, yeye na kaka yake Olais, na Olais ni mzima kama fahali. Nikaishia hapo."

Sinyati alikuwa kitanda cha dirishani, amegeukia ukuta. Lusia akavuta kiti, akakaa, akanyamaza. Alikuwa na dawa moja ya watu wasiotaka kusema, nayo ilikuwa kukaa mpaka wachoke kukaliwa. Akiwa pale akatazama alichoweza kuona: kisogo, bega, sikio la kulia limetobolewa na kuvutwa likaning'inia na shanga zake, kama inavyompasa mwanamke wa Kimasai. Sinyati alipogeuka hatimaye, sikio la kushoto likatokea. Lilikuwa zima, dogo, kama la mtoto. Kwa watu wake ni sawa na kuja harusini na kiatu kimoja.

"Hilo lingine lilimkosea nani?" Lusia akauliza.

Sinyati akaligusa. "Mama alikataa lisitobolewe."

"Kwa nini?"

"Lile la kwanza lilimtisha. Lilitoka damu kidogo likakata, nikalala. Kesho yake naamka, shuka imelowa."

"Kesho yake?"

"Na siku iliyofuata. Linafunga, linafunguka. Likachukua mwezi mzima kupona."

"Na mimba zako?"

"Hivyo hivyo. Tumbo likitaka tu kuonekana, damu inakuja. Inakata. Nasema Mungu, Engai, amenisikia. Halafu inarudi." Akaufuta uso kwa kanga ya hospitali. "Nalotuesha anakuja na maziwa, anakaa hapo, ananiambia kunywa upate nguvu. Na mimi nakunywa. Mimba nne zimekwenda, mama. Kama si yeye, ni nani? Nitajie wewe."

Lusia akarudisha kiti mahali pake. Akatoka, akamkuta daktari kwenye kona ya ukumbi.

"Daktari, jeraha linakata vizuri leo, kesho linatoka damu upya. Ni nini?"

Daktari Rahel alikuwa na kalamu mdomoni. Akaitoa. "Nani kakwambia?"

"Sikio lake."

"Upo ugonjwa mmoja," daktari akasema polepole. "Ni adimu, sijawahi kuuona kwa macho, niliusoma tu. Vipimo vya kawaida havimkamati mwenye nao, damu yake inaganda kama yako. Ila huwa unaanza na kitovu. Mtoto mchanga, kitovu kinadondoka, anavuja. Na hauji kwa mtu mmoja peke yake. Ningepata ndugu mmoja tu aliyekufa hivyo ningejua pa kushika. Lakini amesema hakuna."

"Ulimuuliza wangapi wamekufa?"

"Ndiyo."

Lusia akatikisa kichwa. Alikuwa amefanya kazi Loliondo kabla magoti hayajamsaliti, akarudi na Kimasai cha kuombea maji na cha kutukania, na mambo mawili matatu ambayo hayafundishwi chuo cha udaktari. Mmasai wa zamani hamtaji aliyekufa. Jina linaondoka na mwenyewe, na watu wa boma wakihesabiwa yeye si wa kuhesabiwa. Sinyati hakudanganya. Aliulizwa ndugu, akataja walio na pumzi.

"Bonifasi," Lusia aliita alipofika kwenye gari. "Kesho alfajiri tunapanda Ngorongoro. Beba koti, na njiani usinisimulie habari za kuku wa kwenu Singida."

* * *

Walipita geti, wakaingia kwenye ukungu wa ukingo wa kreta. Bonifasi aliendesha ameinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Afande, barabara siioni."

"Na yenyewe haikuoni. Endelea."

Nyati mmoja alitokea, akalitazama gari la serikali kwa dharau iliyolistahili, akapotea. Baada ya Nainokanoka waliacha njia kubwa, wakafuata ya ng'ombe hadi kwenye boma la wazazi wa Sinyati. Baba mtu alikuwa ameenda mnadani na Olais. Mama mtu, ambaye wote humwita Ngoto Olais, yaani mama yake Olais, alikuwa anakamua. Ng'ombe hawakuwa wametoka kwa sababu ya ukungu. Alipewa habari kwamba binti yake amelazwa, akasema anajua, Lekoko alipiga simu. Alipoulizwa kama yuko mtoto wake mwingine aliyewahi kuumwa damu, akasema watoto wake ni wawili, na wote wazima isipokuwa huyo aliyelogwa na mke mwenzake.

Bonifasi akafungua mdomo. Lusia akamkanyaga mguu.

Habari za watoto akaziacha. Akaingia zizini na viatu vyake vya kazi, akakanyaga mavi mabichi bila kujali, akasimama karibu na mama mtu kama mnunuzi.

"Ng'ombe wazuri. Huyu wa pembe moja wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Na mwekundu?"

"Wa Olais. Bibi yake huyo ndiye ndama aliyepewa siku aliyozaliwa."

"Na wa kijivu?"

"Ukoo wa Sinyati. Wengine alikwenda nao."

"Na yule mweusi mwenye baka jeupe?"

Ngoto Olais aliendelea kukamua. "Hana mwenyewe."

"Ng'ombe mzuri vile?"

"Hana mwenyewe."

Lusia akamwacha akamue. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya mnunuzi, "Bibi yake naye hakuwa na mwenyewe?"

Maziwa yalikuwa yanagonga ndani ya kibuyu. Yakaacha kugonga.

"Bibi yake alikuwa na mwenyewe," Ngoto Olais akasema. "Mrefu. Kuliko Olais."

"Mwenyewe aliondokaje?"

"Kwa kisu cha tohara." Hakugeuka, alikuwa anasema na ubavu wa ng'ombe. "Hakutikisa hata ukope. Damu ikakata, watu wakaimba, dume likachinjwa. Kesho yake, jua likiwa pale juu ya mlima Olmoti, damu ikarudi. Wakaweka mafuta ya kondoo. Ikakata. Ikarudi. Kama mgeni aliyesahau fimbo yake ndani, anaaga na kurudi, anaaga na kurudi. Alipokwenda moja kwa moja, alikwenda na mwenye nyumba."

Bonifasi alikuwa amevua kofia.

"Kuna ng'ombe mwingine ambaye hana mwenyewe?" Lusia akauliza.

"Hakufika kupewa. Hata jina hakufika kupewa. Kitovu kilidondoka, damu ikafuata."

"Na mwenye ng'ombe wa kijivu? Sinyati?"

Mama mtu akainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakitazama. "Yeye nilimbana kitovu kwa kidole hiki. Sikulala, sikupika, nilikaa nimebana mpaka kikakubali. Alipokuwa mkubwa wakatoboa sikio nikiwa kisimani, nikakataa la pili. Ulipofika wakati wa kukeketwa nikakataa na huo, nikasingizia kanisa. Wakasema Ngoto Olais ameokoka." Alicheka, kicheko kidogo kisicho na kitu ndani. "Sijaokoka mpaka leo. Niliogopa kisu."

"Wakwe uliwaambia?"

"Nani angeleta ng'ombe kwenye boma linalovuja? Na binti mwenyewe sikumwambia. Kaka yake alipoondoka, yeye alikuwa bado mdogo, nikaacha asahau. Nilisema akishaolewa, akikaa mbali na kisu, imekwisha. Kuzaa sikukufikiria. Kuzaa hakuna kisu."

"Nalotuesha yuko mahabusu Karatu. Kesho anapelekwa kwa hakimu."

Ngoto Olais aligeuka kwa mara ya kwanza. "Yule aliyempa mtoto?"

"Huyo."

Mama mtu akanyanyuka kwenye kigoda chake. Kisha akasogeza kibuyu, akaenda kwa ng'ombe mweusi mwenye baka, akamkamua huyo mpaka kibuyu kikajaa, akakifunga.

"Nitakwenda nanyi," akasema. "Lakini majina sitayataja."

"Usitaje," Lusia akasema. "Taja ng'ombe."

* * *

Daktari Rahel alimsikiliza Ngoto Olais mpaka mwisho, ng'ombe kwa ng'ombe. Alipomaliza, daktari alikaa kwenye kona ya meza yake, na kwa mara ya kwanza hakuonekana na haraka.

"Damu ina vitu vingi vya kuigandisha," akamwambia Lusia. "Vimepewa namba. Vinafanya kazi kwa kuamshana, huyu anamwamsha yule, mpaka damu inakuwa donge. Wa mwisho ni namba kumi na tatu. Umeona wanavyojaza vitunguu Mang'ola? Gunia la nyavu linajazwa, linapendeza, halafu anakuja mtu na sindano na kamba anashona mdomo. Namba kumi na tatu ndiye huyo mshonaji. Asipokuwepo, gunia linaonekana limejaa sawasawa. Ukilitazama lilipo huoni kasoro. Kasoro inaonekana lori likianza kurukaruka."

"Ndiyo kesho yake."

"Ndiyo kesho yake."

"Na mimba inaingiaje hapo?"

"Mimba ikiwa changa kabisa inajichimbia kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Inapochimba panavuja damu kidogo, kwa kila mwanamke, wewe na mimi. Damu ile ikiganda na kushonwa ndiyo inayoshikilia kondo la nyuma, nyumba ya mtoto, lisibanduke. Mtoto bado hajawa na damu yake ya kumsaidia, anategemea kamba ya mama. Sinyati hana kamba."

"Kwa hiyo wale watoto wenyewe walikuwa na ubaya gani?"

"Pengine hawakuwa na ubaya wowote. Pengine wote wanne walikuwa wazima. Nyumba ndiyo iliyobanduka."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Nithibitishie," Lusia akasema. "Mkuu wangu hasadiki gunia la vitunguu."

"Kipimo kipo, tena rahisi. Unaligandisha tui la damu, yale maji ya manjano yanayobaki chembe zikishatengwa, unalitumbukiza donge kwenye maji ya kemikali fulani. Donge lililoshonwa linakaa. Lisiloshonwa linayeyuka. Lakini kemikali hiyo sina. Nikipeleka damu Moshi, majibu yatarudi Nalotuesha ameshasomewa shtaka na kupelekwa gerezani kungoja."

"Inaitwaje hiyo kemikali?"

"Yurea."

Lusia akashika kiti. Halafu akashika ukuta. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia kuona nani amezidiwa.

"Bonifasi!" aliita. "Lete ile sumu yako!"

Daktari aliutazama mfuko wa kituo, akasema ya maabara ni safi zaidi, na kwa hakimu wa juu haitatosha, Moshi lazima wathibitishe. Lakini akaipima, akaiyeyusha kwenye maji safi, akaichuja, akahitaji damu ya mtu mzima wa kulinganisha.

"Huyu hapa," Lusia akasema.

"Afande, mimi ni dereva tu."

"Leo ni kielelezo. Kunja mkono."

Bonifasi alifumba macho kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake. Damu ya Sinyati ilichukuliwa pia. Alikuwa bado hajaongezewa ya mtu, na daktari alisema hiyo ni bahati, kwa kuwa damu ya kuazima ingemletea mshonaji wa kuazima. Mashine ikazungushwa, tui likatengana, madonge yakaganda. Yote mawili yaliganda, hakuna jicho ambalo lingeyatofautisha. Yakaingia kwenye vichupa viwili vya maji ya mbolea, mlango wa maabara ukafungwa.

Asubuhi vichupa vilikuwa palepale. Cha Bonifasi kilikuwa na donge lake chini, limejikunja kama figo ya kuku. Cha Sinyati kilikuwa maji matupu.

"Damu ya Singida," Bonifasi akasema kwa majivuno.

Lusia alikuwa anakiinua kile kichupa kisicho na donge kwenye mwanga wa dirisha, anakizungusha, anatafuta kama kuna chochote kilichobaki.

* * *

Mkuu wa upelelezi alisoma barua ya daktari, akairudia akitafuta pa kukasirikia, hakupapata. Lekoko aliitwa akaelezwa. Alisikiliza ameegemea fimbo, akasema ana lori la vitunguu linamngoja, akatoka na kwenda kusimama nyuma ya jengo la kituo, ambako hakukuwa na lori lolote.

Lusia alimrudishia Nalotuesha kibuyu na kijiti chake.

"Na sumu yangu?"

"Unaitaka?"

"Panya hawakukamatwa nanyi. Watakuwa wameshazaana."

Akampa. Wakaenda hospitalini kwa miguu, Nalotuesha mbele, mtoto mgongoni.

Ngoto Olais alikuwa ameketi sakafuni, kando ya kitanda cha binti yake. Daktari alikuwa ameshaeleza yote: gunia, kamba, na kwamba akishika mimba tena aje mapema, kabla ya damu yoyote, awe anawekewa tui la damu za watu wengine kila baada ya wiki chache mpaka ajifungue. Linapatikana, si hapa, itabidi kusafiri. Sinyati alikuwa amesikiliza yote hayo, halafu akamuuliza mama yake jambo moja tu kwa Kimasai, kwa nini hakumwambia, na mama yake akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni.

Mtoto alipomwona Sinyati alipiga kelele, "Yeyo!" Akateremka mgongoni kwa Nalotuesha, akakimbia, akapanda kitandani kwa magoti na viwiko. Sinyati akamkumbatia, akaficha uso shingoni kwake.

Nalotuesha alibaki amesimama.

"Umekonda," Sinyati akasema, bila kuinua uso.

"Chakula cha serikali."

"Mimi ndiye niliyesema. Si Lekoko. Lekoko alikuja kushtaki kwa sababu mimi nilisema."

"Najua."

Ngoto Olais akakisukuma mbele kibuyu alichokuja nacho. Maziwa yalikuwa yameshaganda na kuchacha vizuri. "Ya ng'ombe mweusi," akasema. Sinyati akamtazama mama yake, kisha kibuyu, na Lusia aliona kwamba sasa anajua ng'ombe yule alikuwa wa nani.

Nalotuesha akaketi kwenye kiti cha Lusia. Akamimina maziwa ya mama mtu kwenye kibuyu chake mwenyewe, kile kilicholala juu ya meza ya polisi, akakitikisa, akafungua, akajaza kifuniko. Akanywa yeye. Akameza akimtazama Sinyati. Akajifuta mdomo.

Sinyati akanyoosha mkono.

"Ngoja," Nalotuesha akasema.

"Ningoje nini?"

"Ungoje uone kama nitakufa."

Mkono wa Sinyati ulibaki umenyooshwa, haukurudi. Ngoto Olais alikuwa anakitazama kidole chake. Mtoto alichoka kukumbatiwa, akaanza kuchezea shanga za sikio moja, kisha akahamia upande wa pili kutafuta nyingine, hakuzikuta, akarudi.

Walingoja hivyo kwa muda mrefu.

"Sijafa," Nalotuesha akasema mwishowe, na sauti iliyovunjika ilikuwa yake. Akajaza kifuniko mpaka ukingoni, akampa.